Ntumba Kwenye Njia ya Moto

Dada yangu haombi kitu. Anaarifu. Mwaka ule, mvua zikiwa zinaaga, alikuja kwangu Malangali asubuhi na mapema, akatua kikapu cha maharage mabichi juu ya madaftari ya wanafunzi wangu, akasema, "Jumamosi unakuja bondeni. Uje na jembe."

Nikamwambia nina kazi za darasa zima za kusahihisha.

"Madaftari hayaungui," alisema. "Bonde linaungua."

Nikaenda. Wanaomfahamu hawatauliza kwa nini.

Bonde lenyewe liko nyuma ya vilima, chini ya kijiji alikoolewa na alikobaki baada ya shemeji yangu kufariki. Katikati yake kuna chemchemi. Zamani watu walilima hadi kwenye ukingo wa maji na ng'ombe wakamalizia kwa kwato, mpaka chemchemi ikakonda, ukawa unakinga ndoo huku unamaliza habari zote za kijiji na bado haijajaa. Dada, ambaye shamba lake linapakana na bonde, aliisumbua serikali ya kijiji hadi ikakubali: pasilimwe, pasichungwe, na watu wa kujitolea wapande miti inayopenda maji bila kuyamaliza. Nasema hivyo kwa sababu wengi wakisikia kupanda miti wanakimbilia mikaratusi, na mkaratusi karibu na chemchemi ni sawa na kumkaribisha mlevi alinde pombe. Tukapanda mikuyu na mizambarau ya porini. Nyasi zikarudi, tohe, wale swala wa kwenye matete, wakarudi, na masika moja korongo wawili wenye shungi la dhahabu wakajenga kiota kwenye majimaji. Dada alitembea kijiji kizima akitangaza kama vile ni yeye aliyetaga.

Lakini nyasi zisizochungwa wala kufyekwa zinaota ndefu, na zikikauka ni kuni. Kiangazi kilichotangulia moto ulitoka milimani na kula nusu ya miche. Hapo ndipo baadhi ya wajumbe wa kijiji walipoanza kusema kwamba ni afadhali bonde likatwe vipande vya bustani za mboga, kuliko kuutunzia moto chakula. Mwenyekiti wa kijiji ni mtu mpole, anaogopwa kwa sababu hajawahi kupandisha sauti. Akasema polepole kwenye mkutano, "Likiungua tena kiangazi kijacho, tunaligawa."

Dada alilala na sentensi hiyo mvua nzima. Ndiyo maana alikuja kuniwekea maharage juu ya madaftari.

Jumamosi ile tulikutana bondeni watu wa jumuiya zake za kanisani, majirani, mimi, na Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yetu, ambaye miguu imemchoka lakini mdomo bado kijana. Alikuwapo pia Hajji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Sumbawanga. Hajji alijiunga nasi kwa bahati mbaya. Siku moja dada alikwenda dukani kwake kununua misumari, wakaanza kuzungumza, na kabla hajapewa chenji alikuwa amekwisha kumwandikisha. Tangu hapo Hajji huleta chai, maandazi na maneno.

Aliyetupa maelekezo ni Bwana Misitu, kijana mzaliwa wa pwani, mwenye adabu nyingi na koti zito kuliko la mtu yeyote pale. Alikuwa amechomeka vigingi kwenye mteremko, juu ya bonde, mstari mrefu wenye upana wa magari mawili kupishana.

"Shikamooni," alisema, maana wengi wetu tulikuwa wakubwa kwake. "Hii ndiyo njia ya moto. Haimaanishi moto upite. Maana yake moto ukifika hapa ukose chakula, ufe njaa. Kwa hiyo fyekeni nyasi, zibebeni zitoke kabisa nje ya vigingi, halafu paruzeni ardhi kwa jembe mpaka ibaki tupu kama uwanja wa nyumba. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nimefundisha maisha yangu yote, najua uso wa mtu aliyeelewa, na nyuso zote pale zilikuwa zimeelewa. Bwana Misitu akaaga, akapanda pikipiki yake kwenda Mwazye alikokuwa na kazi nyingine.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kuhusu sisi Wafipa na nyasi, la sivyo msomaji ataona tuna wazimu. Mfipa akiona nyasi ndefu kwenye udongo laini haoni takataka. Anaona mbolea inayosubiri kufunikwa. Mvua zikiwa bado zinanyesha tunachora duara kwa jembe, tunakata mabamba ya udongo pamoja na nyasi zake, tunayapindua nyasi zikae ndani, tunayapanga hadi kinasimama kilima kidogo kinachofika magotini. Hicho ndicho ntumba. Nyasi zinaozea humo ndani kimyakimya. Juu yake tunapanda maharage, na msimu unaofuata tunakitawanya na kupanda ulezi au mahindi kwenye udongo uliokwisha kushiba. Babu zetu walifanya hivyo, mama yetu alifanya hivyo, na mikono yetu inafanya hivyo hata kichwa kikiwa kinawaza ada za shule.

Kichwa ndicho kilichomwelewa Bwana Misitu. Mikono haikuwepo kwenye kikao.

Nani alianza? Mpaka leo ukiuliza, kila mmoja ana jina la mwenzake. Nakumbuka tu kwamba tulifyeka vizuri, tukaanza kubeba nyasi nje kama tulivyoambiwa, kisha mwanamke mmoja akasema, "Jamani, nyasi zote hizi tunazitupa?" kwa sauti ya mtu anayeona ugali unamwagwa. Baada ya hapo wimbo ukaanza, na wimbo wa kulima ukianza, jembe halisubiri ruhusa. Nilipoinua kichwa kunyoosha mgongo, nyuma yetu kulikuwa na ntumba zimejipanga safu kwa safu, za mviringo, safi. Ukitaka kujua, safu zilizonyooka kuliko zote zilikuwa za dada.

Hajji alifika na birika mchana. Alisimama kwenye vigingi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Hongereni," alisema. "Ulezi mtapanda lini?"

 Tukageuka wote kutazama kazi yetu kama watu walioamshwa.

"Hajji, wewe uza misumari," dada alimjibu. "Udongo si uko juu? Nyasi si ziko chini? Moto utakula udongo?"

"Mimi nimeuliza tu ulezi."

"Kunywa chai yako."

Hoja ya dada ilituingia, hasa kwa kuwa tulikuwa tumechoka na hakuna aliyetaka kubomoa. Tukanywa chai tukijisifu. Nami mwalimu, nisiye na sababu yoyote ya kukosa kufikiri, nilieleza kwa kirefu jinsi udongo unavyozima moto kwa kuunyima hewa. Nilieleza vizuri sana. Watu walitikisa vichwa kukubali.

Wakati tunakusanya majembe, Mama Mkubwa alibaki nyuma. Tukadhani anapumzisha miguu. Kumbe alikuwa anafungua fundo la kanga yake, maana Mama Mkubwa hatembei bila mbegu, na alikuwa anapita kwenye ntumba za upande wa majimaji akidondosha maharage. Alipoulizwa baadaye alishangaa kuulizwa. "Ntumba mpya ilale tupu?" alisema. "Hiyo ni kumwekea mgeni sahani bila chakula."

Ardhi ya pale karibu na majimaji haikauki upesi. Bwana Misitu aliporudi kukagua, maharage yalikuwa yamekwisha kufungua majani. Hakuja peke yake. Alikuja na Mwenyekiti.

Dada alinipigia simu nikawakuta wote pale juu. Bwana Misitu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mwenyekiti alikuwa ameinama anatazama mche mmoja kwa makini, kama daktari anayetazama ulimi.

"Haya ni maharage," alisema Mwenyekiti.

Akajinyoosha taratibu.

"Mama," alimwambia dada, "wewe ndiye uliyetuomba hapa pasilimwe. Wapo watu walikatazwa kuweka hata kitalu cha mchicha. Sasa wakija kwangu kuniuliza haya ni nini, niwaambie ni mikuyu?"

Dada aligeuka akalitazama bonde. Nilimtazama nikajua anachokiona: bonde limepimwa vipande kwa kamba, na kila kipande kina mwenyewe. Na safari hii hakuna moto wa kulaumiwa, ni majembe yetu wenyewe.

"Hayakukusudiwa, Mwenyekiti," alisema.

"Maharage hayajipandi."

Mama Mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kwenye jiwe, akakohoa. "Shikamoo Mama," Mwenyekiti alimwambia, akiwa ameshaelewa.

"Marahaba, mwanangu. Yanaota vizuri, sivyo?"

Bwana Misitu alikuwa na shida nyingine, na aliieleza kwa upole mkubwa, jambo ambalo lilituumiza kuliko kama angetutukana. Alichagua ntumba moja upande mkavu, ambako udongo ulikuwa umepasuka na ncha za nyasi zimechungulia. Akaparuza pembeni, akahakikisha tuna maji, kisha akawasha kiberiti kwenye ncha moja. Mwanzoni hakikutokea kitu na dada akaanza kunyanyua kidevu. Halafu moshi mwembamba ukatoka juu ya kile kilima. Ukatoka na ubavuni. Tukakaa tukitazama. Hakukuwa na mwali hata mmoja, lakini kilima kizima kilikuwa kinapumua.

Hajji, ambaye habari njema au mbaya hazimpiti, alikuwa ameshafika. "Jamani," alisema, "nendeni mkakate kibali cha mkaa."

Tulicheka, hata Mwenyekiti. Lakini tulikuwa tumeona. Ntumba iliyofunikwa mvua ikiwepo huozesha nyasi zake salama. Iliyofunikwa mvua zikiwa zinaondoka inabaki na nyasi kavu tumboni, na moto ukiingia humo unajificha, unatambaa taratibu, unaibukia upande wa pili watu wakiwa wamerudi nyumbani kulala. Maelezo yangu ya hewa yalikuwa sahihi kwa ndoo ya mchanga. Kwa tanuri la mkaa yalikuwa nusu tu, na dada alihakikisha nalijua hilo. "Mwalimu," aliniambia mbele za watu, "umepata hamsini."

Mwenyekiti alitupa muda: mwezi usiishe kabla mstari haujawa vile Bwana Misitu alivyotaka, na mmea wowote wa kuliwa usiwepo. Vinginevyo jambo lingerudi mkutanoni hata kabla ya moto.

Tulibomoa. Kama hujawahi kubomoa ntumba kabla ya wakati wake, ni vigumu kukueleza. Watu waliinua majembe kwa unyonge kama wanaochinja kuku wa jirani. Tulichambua nyasi zilizoanza kuoza, tukazibeba kwa vikapu hadi mashamba ya kijijini, ambako angalau zilikwenda kuwa mbolea halali. Wimbo haukuimbwa. Bwana Misitu safari hiyo hakwenda Mwazye wala popote, alisimama pale na koti lake, na kila jembe lilipojisahau likaanza kuchora duara, alisema tu, "Mama, mama," kwa sauti ya kuomba.

Shida ilikuwa Mama Mkubwa. Alikaa katikati ya maharage yake na hakunyanyuka.

"Mama Mkubwa, tunayang'oa," dada alisema.

"Ng'oa. Anza na mimi."

"Bonde litagawiwa."

"Wakigawa, mimi nitapewa hapahapa. Nimeshapanda."

Dada akachuchumaa mbele yake. Sikusikia yote, maana walihamia Kifipa cha chini kwa chini, kile cha jikoni. Nilisikia habari za korongo, na za ndoo isiyojaa, na jina la utani la marehemu mama yetu. Mwishoni Mama Mkubwa akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie, "Kung'oa sitaki. Kuhamisha, sawa."

Kila mwalimu wa kilimo atakuambia maharage hayapendi kuhamishwa, na mimi nilifungua mdomo kusema hivyo. Dada alinitazama, nikaufunga. Tukayachimbua mche mmoja mmoja na bonge lake la udongo, tukayapanga kwenye mabeseni, tukayapeleka shambani kwa dada kama vifaranga. Mama Mkubwa alitangulia mbele akituelekeza tusiyatikise. Mengi yalikufa. Yale yaliyopona aliyasimulia hadi Krismasi.

Kiangazi kikaingia. Huku juu Juni na Julai ni baridi na upepo, watu wanavaa masweta mchana kweupe, na nyasi zinageuka rangi ya simba. Kila Jumamosi tulipita kwenye mstari na reki kuondoa majani yaliyopeperushwa. Ni kazi ya kuchosha isiyo na picha nzuri; ukiimaliza, panaonekana kama hapajafanyika kitu, na hiyo ndiyo alama kwamba umeifanya. Dada alipita pia siku nyingine, peke yake, kabla ya kwenda shambani. Alikuwa akinyanyua pua kila upepo ulipobadilika.

Moto ulikuja Septemba, mchana, siku ya shule. Nilikuwa darasani niliposikia simu ikitetemeka na sauti ya dada ikisema, "Uko mlimani. Unashuka," akakata. Hajji alikuwa amepewa taarifa hiyohiyo. Alifunga duka wateja wakiwemo ndani, akawageuza wateja kuwa abiria, na Fuso yake ikanipitia njiani.

Tulipofika kengele ya kigango, kanisa dogo la kijiji, ilikuwa inalia na watu walikuwa wamejipanga nyuma ya mstari, kila mmoja na tawi bichi. Kwa asiyejua: moto wa nyasi haupigwi kwa hasira. Unaulalia tawi juu yake, unalikandamiza, unalivuta kuelekea kwenye moto wenyewe. Ukilirusharusha unapeperusha cheche na kujiletea moto wa pili. Nilikuwa nawaeleza hivyo wateja wa Hajji, mmoja wao akiwa bado ameshika bawaba za mlango, moto ulipotokea kwenye ukingo wa mteremko.

Ulikuwa mrefu kuliko mtu na ulikuwa na sauti. Hakuna aliyetania. Dada alisimama katikati kabisa, mahali ambapo nyuma yake ndipo ilipo mizambarau mikubwa, na sikumwona akipepesa.

Ulifika kwenye vigingi. Sijui nieleze vipi namna ulivyosita. Miali iliinama mbele ikatafuta, ikalamba ardhi tupu, ikapungua, ikawa ya magotini, kisha ya vifundoni, kisha mstari mrefu wa moshi. Upepo ulirusha cheche sehemu mbili. Moja ilizimwa na Hajji kwa tawi, halafu kwa kanzu, halafu kwa maneno. Nyingine iliangukia kwenye nyasi ndani ya bonde, ikashika, na dada alikuwa pale kabla yetu, amelalia tawi lake kwa mwili mzima. Tulipomfikia palikuwa pameungua mahali pa ukubwa wa kitanda.

"Toka juu yake, dada. Umezimika."

"Mimi au moto?"

"Moto."

"Angalia tena."

Nikaangalia tena. Tulikaa pale hadi jioni tukikanyaga kila kilichofuka. Bonde lilibaki la kijani kibichi chini ya kilima cheusi, na korongo walikuwa wamesimama kwenye majimaji wakitutazama kwa dharau, kama wapangaji wanaosubiri kelele za mafundi ziishe.

Mkutano wa kijiji uliitishwa wiki hiyohiyo. Waliotaka bustani walizungumza, na walizungumza vizuri, sitawasingizia. Mmoja alikumbusha maharage. Watu wakageuka kumtafuta Mama Mkubwa, naye akawapungia mkono. Mwenyekiti alisikiliza wote, kisha akasema polepole kwamba alitoa neno lake: likiungua, linagawiwa. Halikuungua. Basi linabaki, na hatataka kulisikia tena jambo hilo.

Dada alikuwa amekaa karibu nami kwenye benchi. Alishusha pumzi ndefu, benchi likalia.

"Lakini lina sharti," Mwenyekiti aliendelea. "Kuanzia leo, fyekeo ruksa. Reki ruksa. Jembe lisivuke mstari ule bila Bwana Misitu kuwepo, na anayelibeba akaguliwe kanga."

Mkutano ulivunjika kwa vicheko. Dada hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa macho nani ana reki na nani hana.

Jumamosi iliyofuata alisimama pale njia inapoingilia bonde, akapokea majembe yetu moja baada ya jingine, akayaegemeza kwenye jiwe. Wanawake waliingia ndani mikono mitupu, hawajui waiweke wapi, wengine wameifunga kifuani, wengine nyuma kama wakaguzi. Dada aliwagawia reki alizoazima kijiji kizima.

"Mwalimu," aliniita, "waeleze namna ya kushika."

Nikaanza kueleza. Alikuwa ameshatangulia bondeni.